Kabla hujanunua magnesiamu, mwaga kwanza mfuko wako wa dawa mezani

Shangazi yangu ana miaka 67, anakaa Tabata, na mwezi wa tatu alinipigia simu saa kumi alfajiri. Hakuwa anaumwa, alikuwa tu hana usingizi na anajua na mimi huwa naamka mapema. Akaniambia mwanangu, nimeshajua tatizo langu ni nini, ni magnesiamu, nimepimwa imeonekana iko chini sana na nimeshanunua chupa yake, vidonge 60 shilingi 65,000.

Nikamuuliza umepimwa wapi shangazi. Kumbe kuna vijana walikuja kanisani baada ya ibada wakiwa na laptopu na kachuma flani kamefungwa waya, unakashika kiganjani kama dakika moja hivi alafu zinatoka kurasa za majibu, ini, figo, mifupa, macho, mishipa, mpaka madini yote ya mwilini na kila moja lina rangi yake, nyekundu ikimaanisha hatari. Ya kwake magnesiamu ilikuwa nyekundu. Na bahati nzuri chupa zilikuwa pale pale kwenye begi.

Kachuma kale hakapimi kitu. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona watu wazima wenye akili zao wakirudi nyumbani na zile kurasa wamezishika kama cheti cha hospitali. Mwili wa mtu mzima una magnesiamu kama gramu 25 hivi, zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, nyingi ya iliyobaki iko kwenye misuli na nyama nyingine, na ile inayozunguka kwenye damu haifiki hata asilimia 1 ya yote. Ndo maana hata kipimo halisi cha maabara, cha kuchomwa sindano na kutolewa damu, kinaweza kusoma sawa wakati akiba ya mwilini imeshuka. Yaani damu yenyewe haitoi picha kamili, sasa chuma cha kushika kwa kiganja kitaipata wapi hiyo picha?

Mimi sio mpinzani wa magnesiamu, na hili naomba lieleweke kabla sijaendelea. Zaidi ya vimeng'enya 300 mwilini vinaihitaji ndo vifanye kazi, misuli inaihitaji, moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Na ukitaka kuona magnesiamu inayookoa maisha kweli kweli usiende kwa wauza chupa, nenda wodi ya wazazi. Mama mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu salfeti, na ule utafiti mkubwa wa mwaka 2002 uliochukua wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33 ulionesha kwamba ukiwapa wenye presha ya mimba iliyopanda vibaya, hatari ya kupata degedege inapungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni dawa yenye ushahidi, inatolewa na mtu anayehesabu pumzi za mama na kumgonga goti kuangalia kama bado linaruka, kwa sababu ikizidi inaweza kusimamisha upumuaji. Magnesiamu ni kitu kizito. Ndo maana inanikera ikiuzwa kama pipi.

Haya, usingizi. Hoja ya wauzaji haijatoka hewani, kwenye seli za ubongo kuna mlango unaopitisha msisimko na magnesiamu inakaa pale kama kizibo, kwahiyo ni jambo la kueleweka mtu kufikiri kwamba ukiwa nayo ya kutosha ubongo utatulia. Lakini kitu kueleweka na kitu kuthibitishwa ni mambo mawili tofauti. Jaribio linalotajwa sana ni la Iran, mwaka 2012, wazee 46, miligramu 500 kila siku kwa wiki 8, na kweli waliomeza walilala vizuri kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Wazee 46 tu, hawajai hata daladala mbili. Mwaka 2021 kuna watafiti wakakusanya majaribio yote ya maana waliyoyapata kwa wazee wenye shida ya usingizi, wakapata matatu tu, jumla watu 151, na jibu likawa kwamba wanaotumia magnesiamu wanapata usingizi mapema kwa kama dakika 17 kuliko wengine, ila muda wote wa kulala haukuongezeka kwa kiwango cha kujivunia, na wenyewe wakakiri ubora wa ushahidi ni wa chini.

Dakika 17 sio haba, mtu anayegaagaa kitandani saa nzima akipunguziwa dakika 17 atashukuru. Lakini soma vizuri, hizo ni dakika za KUUPATA usingizi. Shangazi yangu hana shida ya kuupata, akiweka kichwa kwenye mto saa nne amelala, shida yake ni saa saba anaamka, saa nane anaamka, saa kumi ndo basi tena mpaka kunakucha, usingizi wa mang'amung'amu. Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa na kidonge kimoja kinauzwa kwa yote mawili, pamoja na presha, kukaza misuli, msongo wa mawazo, nguvu za kiume na sukari. Kwenye presha inashusha kweli ila kidogo, ukijumlisha majaribio 34 inashusha ile namba ya juu kwa kama 2, wakati kidonge cha kawaida cha hospitali kinashusha mara kadhaa ya hapo. Misuli kukaza usiku, ambayo ndo wazee wengi wanainunulia, uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, ulisema kwa wazee hakuna uwezekano wa msaada wa maana. Kipandauso ndo ina nafasi nzuri kidogo. Mengine hapo naacha.

Jumamosi nikaenda Tabata. Tukakaa mezani na ile chupa, mbele imeandikwa kwa herufi kubwa magnesiamu glisineti miligramu 1000. Shangazi akasema si unaona, elfu moja nzima. Nikamgeuzia nyuma pale kwenye maandishi madogo. Hiyo 1000 ni uzito wa magnesiamu pamoja na kile ilichofungwa nacho, na kwenye glisineti magnesiamu yenyewe ni kama asilimia 14, kwahiyo kwenye 1000 unapata 140 hivi. Ukichukua aina nyingine, magnesiamu oksaidi, ni kinyume, asilimia 60 ni magnesiamu lakini tumbo linainyonya vibaya, nyingi inaishia chooni na inaweza kukuharisha, ndo maana kuna aina za magnesiamu zinauzwa kama dawa ya kulainisha choo. Kwahiyo namba ya mbele ya chupa haikuambii kitu mpaka ujue ni aina gani. Mwanamke mtu mzima anahitaji kama miligramu 320 kwa siku na mwanaume 420, jumla ya chakula na kila kitu. Na kwa vidonge peke yake Wamarekani wameweka kikomo cha 350 kwa siku, Ulaya wakaweka 250. Nilimsomea shangazi hayo yote akasikiliza kwa heshima, alafu akaniuliza swali zuri kuliko yangu yote: sasa kama kweli ipo chini, kwa nini iwe chini?

Hilo ndo swali la kuuliza kabla hujatoa pesa. Figo nzima zinajua kuitunza magnesiamu, ikipungua zinaibana zisiitoe kwenye mkojo, kwahiyo mtu mwenye afya anayekula kawaida haishiwi hivi hivi. Ikiisha kuna kitu kinaimaliza. Kuharisha kwa muda mrefu, pombe ya kila siku, kisukari ambacho hakijadhibitiwa, na zaidi ya vyote kwa watu wa umri wa shangazi, dawa.

Nikamwambia shangazi leta dawa zako zote. Akaenda chumbani akarudi na mfuko wa khaki, tukaumwaga mezani. Kulikuwa na kidonge cha presha, ile aina ya kukojosha. Kulikuwa na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, pakiti tatu, moja imebaki nusu. Kulikuwa na panado, na vidonge vya mafua vya mwaka juzi. Na chini kabisa kwenye kikaratasi cha famasia kulikuwa na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, ambavyo mtaani tunaviita kwa jina hilo hilo, magnesiamu. Shangazi alikuwa anazo tayari na hakujua kama ni ndugu na zile za elfu 65, ila zile kazi yake ni kupoza asidi tumboni, inayoingia mwilini ni kidogo.

Tuanze na omeprazoli. Aliandikiwa wiki nne, vidonda vya tumbo, muda mrefu umepita. Wiki nne zikaisha, kiungulia kikarudi, akaenda duka la dawa akanunua mwenyewe, na tangu hapo anameza kila asubuhi mwaka wa nne huu. Sio yeye peke yake, nenda ofisi yoyote hapa Dar fungua droo za watu utazikuta. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu, kwa wengi ni zaidi ya mwaka, zinaweza kushusha magnesiamu mpaka mtu akapata degedege au moyo kuchanganya mapigo. Na kuna kipengele kwenye tahadhari ile ambacho nadhani kila muuza magnesiamu angelazimishwa akibandike ukutani: kwenye kama robo ya kesi walizozipitia, kumpa mgonjwa magnesiamu peke yake hakukutosha, mpaka omeprazoli au ndugu zake zikasimamishwa. Yaani unamimina maji kwenye ndoo yenye tundu. Kidonge cha kukojosha nacho ni tundu la pili, kinatoa maji na chumvi na magnesiamu inatoka nayo.

Kwahiyo inawezekana kabisa wale vijana walibahatisha, inawezekana shangazi magnesiamu yake kweli iko chini. Ila wamemuuzia ndoo nyingine wakati tundu liko pale pale.

Alafu nikamuuliza hiki cha kukojosha unakimeza saa ngapi. Akasema saa tatu usiku. Kwa nini usiku shangazi? Kwa sababu asubuhi nawahi sokoni, nikikimeza asubuhi mkojo unanibana nikiwa kwenye daladala, siwezi kumsimamisha dereva pale Buguruni. Nikamwangalia, naye akaniangalia, tukanyamaza wote wawili. Saa saba anaamka kwenda chooni. Saa nane anaamka kwenda chooni. Saa kumi. Miezi na miezi anameza kidonge cha kukojosha saa tatu usiku na anatafuta dawa ya usingizi.

Hatukubadilisha chochote pale mezani, hilo nalisisitiza, dawa ya presha haihamishwi na mtoto wa kaka. Tulienda kliniki na mfuko wote. Daktari akamhamishia kidonge asubuhi, na siku za sokoni akimeza anaporudi saa nane mchana ni sawa tu. Akampima sukari maana kukojoa sana usiku kwa mtu mzima lazima sukari iangaliwe, ikawa salama. Omeprazoli akampangia kuipunguza taratibu, na damu ikachukuliwa kuangalia figo. Sasa hivi anaamka mara moja, siku nyingine mara mbili, na anarudi kulala.

Najua mtu atasema huyo ni shangazi yako mmoja. Sawa. Lakini waulize watu wako wa karibu wanaolalamika usingizi, uwaulize taratibu, utakuta mmoja anakunywa kahawa saa kumi na moja jioni, na kahawa nusu yake bado iko mwilini masaa matano baadae, mwingine anakoroma mpaka pumzi inakatika na mke wake anajua, mwingine miguu inamtambaa usiku na shida ni upungufu wa madini ya chuma, mwingine ni dada wa miaka 49 anaamka amelowa jasho na hakuna aliyemwambia kwamba ni mabadiliko ya umri, mwingine ana deni. Wote hao watauziwa chupa ile ile.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike makala hii, ambalo shangazi hahusiki nalo lakini maelfu ya watu wanahusika. Wanaotumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dolutegraviri, ile DTG, kama dawa ya kuanzia kwa watu wote, na kidonge cha TLD, ambacho ndani yake kuna hiyo DTG, ndo wengi kwenye CTC zetu, kliniki za wenye VVU, wanachomeza mara moja kwa siku. Ni dawa nzuri mno, imebadilisha maisha ya watu. Lakini DTG na magnesiamu zikikutana tumboni zinashikana, na ikishashikwa dawa haiingii mwilini inavyotakiwa. Ilipojaribiwa kwa watu kumeza DTG pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu kwa wakati mmoja, kiwango cha DTG mwilini kilishuka kwa karibu robo tatu. Robo tatu! Mtu anameza dawa yake kila siku bila kukosa, kwa uaminifu wote, na mwilini inafika robo. Miezi ikienda hivyo virusi vinapanda, usugu unaweza kuingia, na kliniki watamuuliza unameza kweli wewe?

Kanuni ni rahisi na inawezekana kuifuata: DTG imezwe angalau masaa 2 kabla ya magnesiamu, au masaa 6 baada yake. Sasa fikiria mtu anayemeza TLD saa tatu usiku kabla ya kulala, kama wengi wanavyofanya, alafu anauziwa magnesiamu ya usingizi ambayo maelekezo yake ni "meza kabla ya kulala". Vitaenda pamoja koo moja, saa moja. Na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia vya shilingi chache navyo ni hivyo hivyo, hata kama havina chupa ya kupendeza.

Na huyu mtu hatasema. Atasimama pale dirishani kwenye duka la dawa au pale kanisani baada ya ibada kuna watu kumi nyuma yake, hawezi kusema mimi niko CTC, na mimi simlaumu hata kidogo. Ndo maana mzigo wa kusema ni wa anayeuza. Sio amuulize una ugonjwa gani, amwambie tu kila mtu bila kubagua: kama kuna dawa unayomeza kila siku, yoyote ile, usichanganye na hiki, achanisha masaa, kawaulize unakochukulia dawa yako. Sentensi moja. Itawasaidia na wengine, anayetumia antibiotiki kama siprofloksasini ya mkojo au doksisaiklini, maana nazo zinashikwa vile vile, na mwenye dawa ya tezi ya shingo anatakiwa aachanishe masaa 4.

Wenye figo mbovu kwao sio suala la masaa. Figo ndo mlango wa kutokea magnesiamu, mlango ukiwa umefungwa inajaa, mtu anakuwa mlegevu, presha inashuka, moyo unaenda taratibu, na watu wengi wenye presha na kisukari figo zao zimeshaguswa na hawajui. Hao wasimeze bila daktari kusema.

Nije jikoni kidogo maana huku ndo tulikoiacha magnesiamu yenyewe. Kwenye majedwali ya chakula ya Marekani, gramu 100 za unga wa mahindi mazima zina magnesiamu kama miligramu 127, ukishatoa kiini na pumba inabaki kama 32. Robo tatu imeenda kwa kuku na ng'ombe. Mtu akila gramu 200 za unga kwa siku, wa dona anapata kama 250 kwenye ugali peke yake na wa sembe anapata kama 64. Na unga wetu wa viwandani unaoongezwa virutubishi unaongezewa chuma, zinki na vitamini, magnesiamu haimo. Ongeza hapo maharage, nusu kikombe yana 60, kiganja cha korosho kama 70, mbegu za maboga ambazo tunazitupa zina 150 kwa kiganja hicho hicho, mchicha, ulezi, ufuta. Shangazi aliacha dona miaka ya tisini alipoanza kupata uwezo, aliniambia dona ilikuwa chakula cha shule na cha shida. Nimemwelewa. Ila dona ya kununua iwe ya mahindi yaliyokauka vizuri na usagishe kidogo kidogo, kile kiini kina mafuta kinaharibika upesi, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, sio jambo la kufanyia mchezo.

Kama umeshanunua chupa yako, figo zako ni nzima na dawa zako umeziuliza, basi meza, angalia ile namba ya nyuma isizidi 250 au 350, ukiharisha punguza, na ujipe wiki 8 kama wale wazee wa Iran, ukiona hamna kitu acha.

Chupa ya shangazi iko kabatini, vimebaki 41. Wiki iliyopita mama mmoja wa jumuiya yao alimwomba amgawie nusu, naye usingizi unamsumbua. Shangazi akamwambia njoo nyumbani na dawa zako kwanza tuzimwage mezani kama mwanangu alivyonifanyia. Yule mama akasema sawa, hajarudi. Nimemwambia shangazi asimfuatilie kwa hilo na wala asiulize mbele za watu, amwandikie tu jina la kidonge kwenye karatasi ampe mkononi, amwambie kama kuna kliniki yoyote anahudhuria aende nalo akaulize huko huko.